Video ya dhahabu na kibofu cha mjomba

Binamu yangu aliondoka Geita gizani, akaingia Buhongwa, Mwanza, kabla sijamaliza kufagia kibaraza cha famasi yangu. Hata habari za asubuhi hakuuliza. Alininyooshea simu juu ya kaunta, akabonyeza. Panya mweupe, ubavuni ana uvimbe unaolingana na punje ya hindi. Anamulikwa leza kwa dakika chache. Picha inayofuata, uvimbe umekauka na kubaki ukoko. Inayofuata tena, manyoya yameota. Sauti inaeleza kwamba panya amechomwa sindano ya chembe za dhahabu zilizobeba dawa ya kansa, na kwamba mwanga ukizipiga zinapata moto na kuimwaga dawa palepale penye ugonjwa.

"Kaka, dhahabu," binamu akasema. "Sisi tunatembea juu yake. Kwa nini baba akatwe?"

Baba yake ni mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Ana miaka hamsini na minane, analima mpunga Misungwi, na wiki hiyo alikuwa ameambiwa kwamba kibofu chake cha mkojo kina saratani na kinatakiwa kutolewa chote. Alipewa siku chache akafikirie na ndugu zake. Ndugu wakaamua kwamba jibu litolewe na mimi, mtu wa dawa. Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Jina nimeliacha, lakini mengine nimeyaweka kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonihusu.

Nianze na majaruba, maana ugonjwa ulianzia huko. Mjomba alikulia kwenye maji yaliyosimama: asubuhi kunywesha ng'ombe lamboni, mchana kupandikiza mpunga, jioni kuoga kwenye maji yaleyale. Wengi wakisikia kichocho Mwanza hufikiria ziwa. Ziwani kipo, ila kile cha ufukweni zaidi ni kichocho cha tumbo. Kichocho cha mkojo kinatawala huku ndani, Misungwi, Kwimba na kwingineko, kwa sababu konokono wake wanapenda malambo, madimbwi na majaruba. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na yai lake lina mwiba nchani. Mayai mengine hutoka na mkojo yakiburuta damu. Mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu, yakafia humo, yakaacha kidonda na kovu. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao Kairo mwaka 1851. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Kinachofanyika ni kwamba ukuta wa kibofu, baada ya kujeruhiwa na kujitibu miaka ishirini, thelathini, unabadilisha aina ya seli zake. Zinakuwa bapa, kama za ngozi, na humo ndimo kansa inapoanzia.

Hospitali ya Bugando waliwahi kupitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka kanda hii na kuzichapisha mwaka 2013. Zaidi ya nusu walikuwa na aina hiyo ya seli bapa. Nchi za Ulaya aina hiyo ni adimu, na kansa ya kibofu huko ni ya wavutaji sigara. Wanawake kwenye kumbukumbu hizo walikaribia kulingana na wanaume kwa idadi, na hilo halishangazi ukijua nani anapandikiza mpunga.

Mjomba alikojoa damu akiwa mtoto. Kijijini hapo mvulana akikojoa damu wakubwa hawakushtuka. Ilipomrudia akiwa mtu mzima, naye hakushtuka. Alikwenda zahanati akapewa vidonge vya kichocho, damu ikapungua, ikarudi, akapewa tena. Nilipokaa na daftari lake la matibabu nikahesabu: mara tano ndani ya miaka sita. Mara mbili kati ya hizo tano alipewa na mimi. Mwandiko ni wangu, prazikwanteli miligramu 600, vidonge vinne, kwa uzito wake wa kilo sitini ni hesabu sahihi kabisa. Dawa ile inaua minyoo na inaua vizuri. Lakini mayai yaliyokwishakwama haiyaondoi, kovu hailiondoi, na kansa haiigusi. Mtu wa zaidi ya miaka arobaini anayekojoa damu, dawa akanywa, damu ikarudi, anatakiwa kutazamwa ndani. Hilo nilifundishwa darasani. Kwenye kaunta, mjomba wangu mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu na foleni nyuma yake, nilihesabu vidonge.

Majibu ya mara hii yalikuwa haya. Altrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye ukuta wa kibofu na figo ya kulia imejaa maji, kwa kuwa uvimbe ulikuwa umeziba njia ya mkojo inayotoka kwenye figo hiyo. Walimwingiza kamera, wakachukua kinyama. Kikarudi na jibu la seli bapa, na kwamba ugonjwa umeshapenya msuli wa kibofu. Picha za CT zikaonyesha umeyafikia na mafuta ya nje ya kibofu. Ini na mapafu vilikuwa safi.

Haya, sasa video.

Sikumwambia binamu kwamba ni uongo, kwa sababu si uongo. Jambo lenyewe ni zuri, na ninalipenda tangu nililiposoma. Tatizo kuu la dawa za kansa ni kwamba zinakwenda kila mahali. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wa kemo wanaifahamu kwa rangi, inazuia seli kunakili vinasaba vyake. Seli ya uvimbe inakufa, lakini na ya nywele, na ya utumbo, na msuli wa moyo nao unaumia, kiasi kwamba kuna kiwango cha jumla ambacho mtu havuki maisha yake yote. Watu wakaanza kuifungia kwenye vifuko vidogo vya mafuta, liposomu, ili itembee kwenye damu bila kugusa mengine. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, kwa wagonjwa wa saratani ya Kaposi. Moyo ukapata nafuu. Tatizo likageuka: mfuko umefika, utafunguka saa ngapi?

Joto linajibu swali hilo. Kuna aina ya mafuta yanayoweza kujengewa ukuta wa mfuko ambayo huganda kwenye nyuzi 37 za mwili na hulegea kwenye 41. Nilipowaeleza hivi jioni ile kijijini kwa mjomba, mke wake alinielewa kuliko wote. Samli yake asubuhi ni jiwe, ikifika saa nne jua limeingia jikoni inamiminika. Kwa vifuko hivi tofauti ni nyuzi nne tu. Ukiweza kupandisha joto la uvimbe peke yake kwa nyuzi hizo nne, dawa itamwagika kwenye uvimbe na kwingine itabaki imefungwa.

Dhahabu inaingia hapo kama jiko. Michael Faraday alionyesha mwaka 1857 kwamba dhahabu ikiwa vipande vidogo mno ndani ya maji haina tena rangi ya njano, inakuwa nyekundu kama divai. Mwanga ukiipiga chembe ndogo hivyo, elektroni zake zote zinayumba pamoja, kama mitumbwi iliyofungwa kamba moja pale Kirumba wimbi linapopita chini yake, na nguvu ya kuyumba huko inageuka joto. Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walitumia punje ya silika, kitu kilekile kinachojenga mchanga na kioo, wakaivika ganda jembamba la dhahabu. Ukibadilisha unene wa ganda unachagua mwanga gani ulimeze. Wao walichagua mwanga wa infraredi ya karibu, na mwaka 2003 wakaonyesha kwamba uvimbe wa panya unaweza kuunguzwa kwa njia hiyo. Chembe kama hizo hamsini hivi ukizipanga mstari, ndipo zinavuka upana wa chembe nyekundu moja ya damu.

Kwa nini infraredi? Jioni ile kijijini nilizima taa, nikamwomba mjomba aweke kiganja juu ya tochi ya simu. Vidole vikawaka vyekundu. Tochi ni nyeupe, nikamwambia, ila damu na nyama vimekula rangi nyingine zote, nyekundu peke yake ndiyo imevuka. Infraredi ya karibu iko hatua moja mbele ya nyekundu, jicho halioni, na inavuka zaidi. Alikaa akikiangalia kiganja chake muda mrefu. Akasogeza mkono taratibu mpaka tochi ikawa chini ya kifundo, penye mfupa na nyama nene, na wekundu ukazimika.

"Hapa haufiki," akasema.

Nami nilikuwa nikitafuta namna ya kuwaambia hilohilo.

Mwanga hata wa infraredi unapoteza nguvu kila milimita chache za nyama. Ngozi ya ubavu wa panya ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na uvimbe umelala chini yake tu. Kibofu cha mtu kiko ndani ya nyonga. Tuwe wa haki, kibofu kina nafasi nzuri kuliko viungo vingi, kwa sababu kina mlango. Kamera inapita njia ya mkojo, na uzi wa mwanga unaweza kupita humohumo. Dawa inaweza kuingizwa kwa mpira mwembamba wa mkojo bila kuzungushwa mwili mzima. Na joto pamoja na dawa ndani ya kibofu si ndoto. Ulaya kuna wagonjwa wanaowekewa maitomaisini, dawa ya kansa, kupitia mpira huku ukuta wa kibofu ukipashwa kwa mawimbi ya maikrowevu mpaka nyuzi 41 hadi 44. Kama kuna mahali chembe zinazoamshwa na mwanga zitakuja kufaa, ningeweka matumaini yangu kwenye kibofu mapema kuliko kwenye ini. Ila tiba hizo zote za ndani ya kibofu ni za ugonjwa ulio juujuu, kwenye utando. Wa mjomba ulikuwa umetoboa utando, ukavuka msuli, ukatokea upande wa pili. Ungeuangaza kwa ndani ukaunguza uso wake, na mizizi ikabaki gizani ikiendelea kukua.

Binamu alikuwa amesoma zaidi ya ile video, nami nilimheshimu kwa hilo. Akauliza kuhusu wale wanaume wa Marekani waliotibiwa tezi dume kwa dhahabu. Ni kweli, walikuwapo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wanaume 16. Chembe ziliingizwa kwa dripu, na kesho yake nyuzi za leza zikapenyezwa kwa sindano mpaka ndani ya tezi na kuunguza sehemu yenye kansa. Wengi walifanikiwa, tena bila kuharibiwa njia ya mkojo. Sasa angalia waliochaguliwa: kansa ndogo, haijatoka nje ya tezi, imeonekana mipaka yake kwa MRI kabla ya kuguswa. Na chembe zile hazikubeba dawa, zilikuwa jiko peke yake.

Dawa na jiko vikiwa pamoja, sababu yake naielewa na inanishawishi. Joto peke yake lina udhaifu wa kingo, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unaopita kando ya uvimbe unapoza kama maji yanavyopoza sufuria, na seli za karibu yake zinapona. Dawa peke yake ina udhaifu wa katikati, haiingii vizuri penye damu haba. Ukiviunganisha, joto la wastani linapanua mishipa dawa ipenye, linazuia seli kukarabati vinasaba vyake vilivyokatwa na dawa, na pale ambapo joto halikutosha kuua, dawa inamalizia. Kwenye panya inafanya kazi, mara nyingi vizuri sana. Kwa binadamu njia imekuwa ngumu. Doksorubisini ndani ya liposomu inayofunguliwa na joto ilijaribiwa kwa wagonjwa 701 wa saratani ya ini, joto likitoka kwenye sindano ya mawimbi ya redio, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba haikufikia lengo. Oxford, mwaka 2018, walionyesha kwa wagonjwa kumi kwamba mawimbi ya sauti yaliyoelekezwa kwenye ini yanaweza kufungua liposomu hizo ndani ya uvimbe na dawa ikaongezeka pale. Ni hatua ya kweli. Chembe zinazowashwa na mwanga zikiwa zimebeba dawa, kazi yake kubwa bado iko maabara.

Kuna namba moja ambayo nadhani kila anayetazama video za namna hii angepaswa kuijua. Kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi za chembe za nano, yaani chembe ndogo mno kama hizi, zilizochomwa kwa wanyama, likahesabu kiasi gani kinafika kwenye uvimbe. Kwa wastani wa kati ni asilimia 0.7. Nyingi ya zinazobaki humezwa na ini na bandama. Dhahabu haiozi, inaweza kukaa humo muda mrefu. Ndiyo maana yule mtu aliyempigia binamu simu akiuza "maji ya dhahabu" ya kunywa, chupa shilingi elfu themanini, nilimkatalia kwa ukali ambao ulimshtua hata mke wa mjomba. Dhahabu ya kunywa haiendi kwenye kibofu. Ingekwenda pia, bila mwanga ni vumbi. Na mgonjwa mwenye figo moja iliyoziba hawekewi kitu tumboni kwa majaribio ya mtu asiyejulikana.

Tulikaa chini ya mwembe, wanaume sita na wanawake wanne, nikaeleza yote haya kwa Kiswahili na mara nyingine Kisukuma ambacho sikijui vizuri. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Mpwa wangu, ningekuja mwaka gani ndipo mwanga huo ungenifaa?"

Nilifungua daftari lake. Nikaweka kidole kwenye mstari wa miaka minne iliyopita, mwandiko wangu, vidonge vinne. Nikamwambia: hapa pengine. Lakini hata hapa, mjomba, usingehitaji dhahabu. Ungeingizwa kamera, na kama uvimbe ulikuwa mdogo, wangeukwangua na kukufuatilia. Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Basi siku hiyo ungenitazama," akaomba maji ya kunywa.

Hilo ndilo ninalolishikilia kwenye kisa hiki. Chembe hizi zimebuniwa kwa kansa inayojulikana iko wapi na inaishia wapi, ikiwa bado ndogo. Masharti hayo matatu hayatoki kwenye chembe. Yanatoka kwa mtu aliyeshika karatasi ya altrasaundi na kumwandikia mgonjwa mapema. Siku tiba hizi zitakapofika kanda ya ziwa, na ninaamini zitafika, zitamkuta mkulima wa mpunga akiwa ameshakunywa vidonge mara tano na mwanga haumfikii, kama sisi wa kaunta na zahanati tutabaki tulivyo.

Familia ilikubali upasuaji. Kwanza waliweka mpira mgongoni kwenye figo ya kulia ili mkojo utoke, ukatoka, na damu ikapimwa tena mpaka figo zikatulia. Kibofu kikatolewa. Wakatumia kipande cha utumbo kutengeneza njia mpya inayofungukia tumboni, kulia kwa kitovu, ambapo anavaa mfuko. Kilichomsumbua mjomba zaidi ya maumivu kilikuwa huo mfuko: atainamaje jarubani? Muuguzi mmoja alikaa naye mchana mzima akimfundisha kukata gundi ya mfuko ilingane na tundu, kukausha ngozi, kuvaa. Mara ya tatu alifanya mwenyewe, mikono ikitetemeka, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Jarubani harudi, daktari amekataa na sisi tumekataa. Anachunga ng'ombe waliobaki, wawili waliuzwa, na wajukuu hawanyweshi tena lamboni. Binamu amechimba kisima. Kila baada ya miezi mitatu anapanda gari la Misungwi kuja kupigwa picha, na huteremka kwangu kwanza.

Kwenye droo ya prazikwanteli nimebandika karatasi yenye maswali mawili: umri gani, na mara ya ngapi. Mtoto wa shule aliyekojoa damu kwa mara ya kwanza, nampima uzito na kumpa dozi yake. Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja wa Usagara, miaka kama hamsini, kanga imelowa tope la jarubani mpaka magotini. Akaomba vidonge vya kichocho. Nikamuuliza mara ya ngapi. Akafikiri, akahesabu kwa vidole, akasema ya nne. Nikafunga droo. Nilimwandikia karatasi ya altrasaundi na jina la kliniki ya mkojo, nikamweleza hospitalini ataingilia mlango gani. Akaikunja mara mbili na kuifunga kwenye pindo la kanga.

"Kuna foleni?" akauliza.

Nikamwambia ipo, aondoke alfajiri.